Fangio, fundi wa gereji aliyelipa gari bei hata baada ya kufa

Tarehe 12 Julai 2013, ndani ya hema lililosimamishwa katika viwanja vya kasri la Goodwood, kusini mwa Uingereza, dalali aligonga nyundo na gari moja likapata mwenyewe. Halikuwa na taa wala kiti cha abiria, na rangi yake ya fedha ilikuwa imechunika hapa na pale. Lilikuwa na umri wa miaka 59. Bei yake, ukijumlisha na ada ya mnada, ilikuwa pauni milioni 19.6. Kwa pesa zetu za wakati ule hiyo ni zaidi ya shilingi bilioni 2.5. Hadi siku hiyo hakuna gari lililowahi kuuzwa ghali kiasi hicho kwenye mnada wowote duniani.

Mpwa wangu, ambaye anajifunza ufundi wa magari hapa mjini, ndiye aliyenionyesha video ya mnada huo kwenye simu yake. Tulikuwa barazani baada ya alasiri, yeye mikono ingali na grisi. Akaniuliza: mjomba, hapa kwetu gari likizidi miaka 8 haliruhusiwi kuteremshwa Kilindini, hawa wazungu wananunua mkweche wa miaka 59 kwa mabilioni, wamerogwa? Nikamwambia hawajarogwa. Wananunua mikono ya mtu mmoja aliyeanza kama wewe.

Jina la mtu huyo nalijua tangu utotoni. Marehemu ami yangu alikuwa na gereji Majengo, na juu ya meza yake ya spana alibandika picha aliyoikata kwenye gazeti la zamani. Ilikuwa ya mtu wa makamo, kifua kipana, kipara kimeanza kuingia, yuko ndani ya gari lisilo na paa. Nilidhani ni mmoja wa wateja wake wa Kizungu. Ami akanambia huyo ni Fangio, na ni fundi. Hakusema bingwa wala dereva, alisema fundi. Kisha kila dereva wa matatu aliyepita kwa fujo ami akawa anamwita Fangio, kwa kejeli. Nilipokua nikaanza kusoma habari za mtu huyu, na leo nataka kuwasimulia, kwa sababu naona vijana wetu wengi wanaona haya kusema kazi yao ni gereji. Na wazazi nao, posa ikija kutoka kwa fundi, hukohoa kwanza kabla ya kujibu.

Juan Manuel Fangio alizaliwa tarehe 24 Juni 1911 katika mji mdogo wa Balcarce, mkoa wa Buenos Aires, Argentina. Ni mji wa mashamba, na viazi vyake ndivyo vinavyojulikana zaidi. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Italia. Baba yake alikuwa mwashi, na nyumbani walikuwa watoto sita. Shule aliiacha mapema, na hata hajatimiza miaka 14 alishakuwa chini ya magari ya watu, akifagia gereji, akiosha vipuri, akisomeshwa injini na waliomtangulia. Jioni akicheza kandanda. Miguu yake ilikuwa na matege, na kwa namna alivyoupinda mguu kupiga mpira wenzake wakambandika jina la El Chueco, yaani Matege. Jina hilo lilimfuata mpaka kaburini, na dunia nzima ya mbio za magari ikamwita hivyo kwa mapenzi.

Alipokuwa kijana alipatwa na nimonia kali ambayo nusura imuue, na mama yake ndiye aliyemuuguza. Baadaye akaenda jeshini kama walivyolazimika vijana wote wa huko, akarudi, akafungua gereji yake mwenyewe pale pale Balcarce pamoja na rafiki zake na ndugu yake. Mwaka wa 1936 akaingia mbio kwa mara ya kwanza. Gari alilotumia lilikuwa teksi ya Ford iliyovuliwa bodi. Mimi hapa hucheka kila nikifikiria, maana najua hasira za mwenye teksi gari lake likirudi halina milango.

Mbio za Argentina wakati huo hazikuwa za kuzunguka uwanja. Zilikuwa za barabara za vumbi, za milima na mito, zinafanana zaidi na Safari Rally yetu kuliko haya mashindano ambayo magazeti yetu huyaita Langalanga. Fangio hakuwa na pesa ya gari la maana, basi watu wa Balcarce wakachanga wakamnunulia Chevrolet. Sisi tungeiita harambee. Mwaka wa 1940 akaingia mbio zilizotoka Buenos Aires hadi Lima, Peru, na kurudi, safari ya zaidi ya kilomita 9,000 ikipitia milima ya Andes ambako hewa ni nyembamba na injini hukosa pumzi kama binadamu. Ilichukua karibu wiki mbili. Gari likiharibika njiani, ni wewe na mwelekezi wako mnalala chini kulitengeneza usiku, kwa tochi. Fangio alishinda. Akawa bingwa wa taifa mwaka huo na mwaka uliofuata, kisha vita vya dunia vikakausha matairi na petroli, mbio zikasimama.

Ningependa kila anayejifunza ufundi aisome sehemu hii ya maisha yake kabla ya hizo za vikombe. Waliomfuata walishangaa kwa nini gari mikononi mwa Fangio halifi ilhali la mwenzake linakufa. Hapakuwa na siri. Mtu aliyeifungua giaboksi kwa mikono yake mara mia anajua kila meno yanavyolia, na anajua linapotaka kuvunjika kabla halijavunjika. Alipofika Ulaya, katikati ya vijana wa matajiri na mabwana wenye vyeo vya kiungwana, yeye ndiye aliyejua kuzungumza na mafundi. Ilisemwa kwamba akiwaahidi sehemu ya zawadi yake, huwapa. Mafundi huwa hawasahau mtu wa aina hiyo.

Lakini kabla ya Ulaya kuna jambo ambalo yeye mwenyewe hakulisahau. Mwaka wa 1948, kwenye mbio ndefu kutoka Buenos Aires kwenda Caracas, gari lake lilitoka barabarani usiku huko Peru. Mwelekezi wake Daniel Urrutia, rafiki yake wa kutoka Balcarce, akafa. Fangio alikuwa na miaka 37, umri ambao madereva wengi wa leo wanakuwa wameshastaafu, na alifikiria kuacha kabisa. Mwaka uliofuata, klabu ya magari ya Argentina ikiungwa mkono na serikali ikampeleka Ulaya. Alishinda mbio zake za kwanza huko Sanremo, Italia, kisha nyingine, na nyingine.

Mashindano ya dunia ya Langalanga yalipoanzishwa rasmi mwaka wa 1950, Alfa Romeo ikamchukua. Katika mbio za Monaco mwaka huo yalitokea magongano nyuma ya kona kwenye mzunguko wa kwanza, magari yakazagaa barabarani. Fangio alikuwa mbele, hakuyaona. Alipokuja kwenye mzunguko wa pili aligundua kwamba watu jukwaani hawamtazami yeye anayeongoza, wamegeuza nyuso upande mwingine. Akakanyaga breki bila kuona lolote, akapita katikati ya vyuma taratibu, akashinda. Nikimsimulia mtu habari zake huanza na hii. Mwaka wa 1951 akawa bingwa wa dunia, akiwa na umri wa miaka 40.

Mwaka wa 1952 uchovu ulimfunza adabu. Alikuwa ameshindana Ireland ya Kaskazini Jumamosi, na Jumapili alitakiwa Monza, Italia. Usafiri wa ndege ukavurugika, akafika Paris tu, akachukua gari na kuendesha usiku kucha kuvuka milima ya Alps. Alifika zikiwa zimebaki kama dakika thelathini. Akaanza nyuma ya wote, na kwenye mzunguko wa pili akarushwa nje ya gari, shingo ikavunjika. Mwaka wote ukaishia kitandani.

Sasa tulirudie lile gari la mnadani. Mwaka wa 1954 kampuni ya Mercedes-Benz ilirudi kwenye mbio za dunia kwa mara ya kwanza tangu vita, na ikamwita Fangio. Gari lao liliitwa W196. Injini yake ilikuwa ya silinda nane zilizopangwa mstari mmoja, lita 2.5, na badala ya kabureta ilirushiwa mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, jambo geni kabisa kwenye mbio hizo. Mara ya kwanza, Reims huko Ufaransa, liliingia na bodi iliyofunika magurudumu, na likashinda. Kwenye uwanja wa Silverstone, Uingereza, bodi ile ile ikamtesa, maana haoni pembe za gari lake, akawa anagonga mapipa yaliyowekwa kando ya njia. Akawaambia anataka gari ambalo magurudumu anayaona. Mafundi wakakesha, na kwa mbio za Ujerumani tarehe 1 Agosti likawa tayari gari lenye magurudumu wazi, chesisi nambari 00006/54. Hilo ndilo lililouzwa Goodwood.

Uwanja wa Nürburgring wa wakati huo ulikuwa wa kilomita 22 na ushei kwa mzunguko mmoja, kona kwa kona msituni. Siku moja kabla ya mbio, katika mazoezi, Onofre Marimón alitoka njiani akafa. Alikuwa kijana wa Argentina, mwanagenzi wa Fangio, mtoto wa rafiki yake. Yeye na mwenzake González walilia pale hadharani. Kesho yake Fangio akaingia kwenye gari jipya na akashinda. Wiki tatu baadaye akashinda tena na gari hilo hilo huko Uswisi, akawa bingwa wa dunia mara ya pili. Watu wakiona gari lile la fedha kwenye picha za mnada huona chuma kilichokwaruzika. Mimi huona ile Jumapili, mtu amekaa ndani yake na maiti ya mwanagenzi wake bado haijasafirishwa kwao.

Mwaka uliofuata alichukua ubingwa wa tatu, lakini nao ulikuwa mwaka wa msiba. Tarehe 11 Juni 1955, kwenye mbio za saa 24 za Le Mans, Mercedes iliyoendeshwa na Pierre Levegh iliparamia gari jingine, ikaruka na kuangukia watazamaji. Zaidi ya watu 80 walikufa. Fangio alikuwa nyuma yake hatua chache, akapita katikati ya moto bila kugusa kitu, na maisha yake yote aliamini kwamba Levegh alimwinulia mkono kumwonya. Mwisho wa mwaka Mercedes ikaacha mbio. Magari yakaingia kwenye maghala na makumbusho.

Ubingwa wa nne aliupata na Ferrari mwaka wa 1956, na huu hakuupata peke yake. Gari lake liliharibika Monza kwenye mbio za mwisho. Kijana Mwingereza Peter Collins, aliyekuwa bado na nafasi ya kuwa bingwa yeye mwenyewe, akaingia kituoni, akashuka, akampa mzee gari lake. Sheria za wakati ule ziliruhusu. Sijui leo kama kuna anayeweza kufanya hivyo hata kwa baiskeli.

Halafu ikaja 1957, tena Nürburgring, sasa akiwa na Maserati na umri wa miaka 46. Alisimama katikati ya mbio kuongeza mafuta na kubadilisha matairi, na alipotoka Collins na Hawthorn wa Ferrari walikuwa wamemwacha kwa zaidi ya sekunde arobaini. Zilibaki mizunguko kumi hivi. Akaanza kuivunja rekodi ya uwanja, mzunguko huu akaivunja, unaofuata akaivunja ile aliyoiweka sasa hivi, na tena. Kona alizokuwa akizipita kwa gia ya tatu akazipita kwa gia ya nne. Kwenye mzunguko wa kabla ya mwisho akawapita wote wawili. Huo ukawa ubingwa wa tano, na hakuna aliyefikisha zaidi ya huo mpaka Michael Schumacher mwaka wa 2003. Baadaye alikiri kwamba siku ile alivuka mpaka wake mwenyewe, na kwamba hakutaka kuendesha hivyo tena.

Februari 1958 alikwenda Cuba kwa mbio za Havana, na vijana wa Fidel Castro wakamteka hotelini usiku wa kuamkia mashindano ili kumwaibisha Batista. Walimlisha vizuri, wakamtunza, kisha wakamkabidhi kwa ubalozi wa nchi yake. Hakuwahi kuwawekea kinyongo. Na mbio zile alizozikosa, gari moja liliwavamia watu pembeni, wakafa kadhaa. Miezi mitano baadaye, baada ya mbio za Reims, akavua helmeti, basi. Kati ya mbio 51 za ubingwa wa dunia alizoanza, alishinda 24.

Alirudi Argentina akauza magari, na baadaye akawa rais wa Mercedes-Benz ya nchi hiyo. Mwaka wa 1986 Balcarce ikafungua makumbusho yake. Alifariki tarehe 17 Julai 1995 jijini Buenos Aires akiwa na miaka 84, akazikwa kwao.

Hapo ningeweza kusimama, na waandishi wengi husimama hapo. Lakini kuna jambo ambalo lile gari lilinikumbusha, na siliandiki kumvua nguo marehemu, kwani lilipita mahakamani mchana kweupe.

Mnadani, kinacholipa gari bei ni nasaba yake. Wanunuzi hawatazami rangi. Wanataka nambari ya chesisi, nambari ya injini, lilitoka kiwandani lini, liliendeshwa na nani mbio gani, lilipewa nani. Lile la Goodwood lilifuatiliwa hatua kwa hatua: kutoka kiwandani likatolewa kwa makumbusho ya Beaulieu, Uingereza, mwaka wa 1973, kisha likauzwa ili kupata pesa za makumbusho, likapita kwa matajiri mpaka likafika hemani. Hakuna aliyebishana ni la nani na lilizaliwa wapi. Hata mikwaruzo haikuzibwa, kwa sababu nayo ni ushahidi.

Fangio hakuoa. Aliishi miaka mingi na mwanamke mmoja, wakaachana. Alipokufa, hakuna mtoto aliyekuwa ametambuliwa kisheria kuwa wake. Mwanawe mkubwa alikuwa dereva wa mashindano yeye pia, na watu wa mbio walimjua ni mtoto wa nani, ila karatasi hazikusema. Agosti 2015, miaka miwili baada ya mnada, kwa amri ya mahakama, kaburi la Balcarce likafukuliwa ili vipimo vya DNA vichukuliwe. Vikathibitisha. Baada yake akathibitishwa mwingine, aliyelelewa kwa jina la baba mwingine. Walikuwa wazee wenye wajukuu, umri wa miaka sabini na kitu, wakisubiri kuandikwa jina la baba.

Sisi watu wa pwani jambo la nasaba tunalijua uzito wake. Mtu akija kwako huulizwa kwanza ni wa nani, kabla ya kuulizwa anafanya nini. Kwa hiyo huwa naliona kaburi lile lililofukuliwa na hema lile la Goodwood kama picha mbili zilizobandikwa pamoja juu ya meza ya ami. Nampenda Fangio, na bado jambo hilo namdai.

Bei zenyewe zimeendelea kupanda. Mwezi Februari 2025 W196 nyingine, ile yenye bodi ya kufunika magurudumu, iliuzwa Stuttgart kwa zaidi ya yuro milioni 51, ikitolewa na makumbusho ya Indianapolis, Marekani. Katika nasaba yake nayo limo jina la Fangio, kwa mbio alizoshinda Buenos Aires mwaka wa 1955.

Nilipomaliza kumsimulia mpwa wangu, swali lake lilikuwa moja: katika hizo pauni milioni 19, mafundi waliokesha kulifungua magurudumu walipata ngapi? Nikamwambia hawakupata kitu, wala Fangio, wala wanawe, pesa ni ya muuzaji na dalali. Akatikisa kichwa, akafuta simu kwa shati, akaondoka. Alikuwa na Probox ya mtu inayovuja mafuta na mwenyewe alikuwa ameshapiga simu mara mbili.